Kurasa za Intaneti na Karatasi: Historia ya Nyaraka za Mitindo katika Vivinjari vya Zamani

Neno "ukurasa" lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo asili yake ni jina la daftari, yaani karatasi zilizokunjwa na kushonwa pamoja. Kiswahili kililitwaa neno hilo kikalipa maana ya upande mmoja wa karatasi: kitu chenye mwanzo na mwisho, chenye pambizo pande zote nne, ambacho jicho laweza kukiona chote kwa mara moja. Watu walipoanza kuyaita maandiko ya intaneti "kurasa", walilivisha neno la karatasi kitu kisichokuwa na karatasi. Ukurasa wa intaneti hauna chini. Hushuka kadiri maandishi yanavyoshuka, na upana wake hutegemea upana wa dirisha ambalo msomaji amelifungua. Kosa hilo la jina, ikiwa lafaa kuitwa kosa, maana Kiingereza nacho kilifanya vivyo hivyo, lisingalikuwa na madhara yo yote kama watu wasingalitaka kuchapa.

Lakini walitaka, tena sana. Katika miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 aliyekutana na makala ndefu katika intaneti alikuwa na sababu njema za kuihamisha kwenye karatasi: skrini zilichosha macho, mahali pengi intaneti ililipiwa kwa dakika, na makala iliyopo leo haikuwa na dhamana ya kuwapo kesho. Alitoa amri ya kuchapa, mashine ikafanya kazi yake, naye akaokota karatasi zenye orodha ya viungo visivyobonyezeka, matangazo yaliyokula wino, mistari iliyokatwa upande wa kulia, na pengine ukurasa mmoja tu wa makala iliyokuwa na kurasa kumi. Historia ya jinsi kasoro hizi zilivyotibiwa ni historia ya lugha moja ndogo, na kwa hiyo yafaa isomwe na watu wa lugha.

Tim Berners-Lee alipotoa pendekezo lake katika kituo cha CERN, Geneva, mwezi wa Machi 1989, na alipounda kivinjari cha kwanza mwaka 1990, lugha ya HTML haikukusudiwa kueleza sura ya maandishi. Ilieleza kazi ya kila sehemu: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Namna ya kuvionyesha vitu hivyo iliachiwa programu ya msomaji. Mpango huo ulikuwa wa busara, walakini haukuwaridhisha waandishi. Kivinjari cha Mosaic kilipotoka mwaka 1993 na watu kuongezeka, kila mwenye kuandika alitaka kuchagua mwenyewe ukubwa wa herufi, rangi, na mahali pa kila kitu. Waliokosa njia halali walitumia njia za mkato: waliyapanga maandishi yote ndani ya majedwali yenye upana maalum, wakatia picha zisizoonekana ili kusogeza maneno. Majedwali hayo ndiyo yaliyokuja kuwa mzigo wa kwanza wa wachapaji.

Tarehe 10 Oktoba, 1994, Håkon Wium Lie, Mnorwei aliyekuwa akifanya kazi CERN, alitangaza pendekezo la lugha ya mitindo ambayo leo yajulikana kwa herufi tatu, CSS. Baadaye aliungana na Bert Bos wa Uholanzi, aliyekuwa akiunda kivinjari chake mwenyewe kiitwacho Argo, na wawili hao ndio waanzilishi wake. Waraka wa mitindo ni orodha ya kanuni iliyo mbali na maandishi yenyewe: kanuni yataja aina ya kitu, kisha yasema kionekane vipi. Kilicho kipya ni kwamba kanuni zaweza kutoka kwa watu mbalimbali, yaani kwa mwandishi, kwa msomaji, na kwa kivinjari chenyewe, nazo humwagikiana kama maji yashukayo ngazi kwa ngazi, mpaka kila jambo limepata uamuzi mmoja. Katika pendekezo la kwanza mwandishi aliweza hata kutaja kwa asilimia kiasi cha nguvu anachodai juu ya jambo fulani, na sehemu iliyobaki ikawa ya msomaji. Asilimia hizo hazikudumu, lakini swali lililokuwa ndani yake, yaani ukurasa ni mali ya nani, ndilo lililozuka tena kila mara mtu alipotaka kuchapa.

Toleo la kwanza la CSS lilikubaliwa rasmi tarehe 17 Desemba, 1996, nalo lilishughulikia hasa skrini. Karatasi ilipata haki yake katika toleo la pili, la tarehe 12 Mei, 1998. Hapo ndipo lugha ilipopewa uwezo wa kutofautisha vyombo. Viliorodheshwa vyombo kumi, miongoni mwavyo skrini, karatasi, televisheni, sauti, na maandishi ya nukta ya vipofu. Na mwandishi aliweza kuiwekea kila aina kanuni zake. Kwa karatasi ilitumika alama ya "print". Pamoja na hayo zilikuja kanuni za pambizo, za kuanza ukurasa mpya kabla ya kichwa fulani, za kuzuia jambo lisikatwe katikati, na za wajane na yatima.

Majina haya mawili ya mwisho yastahili kusimamiwa kidogo. Wapigachapa wa Kiingereza huita "mjane" mstari wa mwisho wa aya ulioachwa peke yake juu ya ukurasa mpya, na "yatima" mstari wa kwanza wa aya ulioachwa peke yake chini ya ukurasa uliotangulia. Wajerumani ni wakali zaidi: mstari wa kwanza kati ya hiyo miwili wauita mtoto wa kahaba, na wa pili kijana wa fundi viatu. CSS ilifuata Kiingereza, ikaweka kuwa, mwandishi asiposema neno, isiachwe chini ya mistari miwili chini ya ukurasa wala juu ya ukurasa ufuatao. Hivyo desturi ya karakana za herufi za risasi iliingia katika kompyuta pamoja na istilahi zake zote, na mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua kati ya kuzifuata tamathali hizo na kueleza jambo lenyewe waziwazi. "Mstari pweke" ungetosha, ila usingetofautisha miwili hiyo.

Sasa ni lazima itajwe sifa moja ya sarufi ya CSS, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Lugha hii iliamrisha tangu mwanzo kwamba kivinjari kikikuta kanuni kisiyoifahamu, kisisimame wala kisilalamike: kiiruke na kuendelea na ifuatayo. Hakuna lugha ya wanadamu iendayo hivyo kwa ukamilifu, ingawa kila mtoto anayejifunza kusema huiga jambo hilo kwa kiasi. Husikia sentensi ndefu, akashika maneno mawili ayajuayo, akatenda. Sharti hilo ndilo lililowezesha kanuni za mwaka 1998 kuandikwa katika waraka uliosomwa pia na vivinjari vya mwaka 1997. Lakini sharti hilo hilo lina upande wa pili. Kivinjari kisichofahamu amri ya karatasi hakikumwambia mtu kwamba hakifahamu. Mwandishi aliona waraka wake umeandikwa sawasawa, msomaji akaona karatasi mbovu, na kati yao hapakuwa na shahidi.

Na vivinjari visivyofahamu vilikuwa vingi. Internet Explorer 3 ya Agosti 1996 ndiyo iliyokuwa ya kwanza miongoni mwa vivinjari vya biashara kuipokea CSS, kwa sehemu tu. Netscape 4, iliyotoka Juni 1997, iliipokea kwa shingo upande: kampuni hiyo ilikuwa na lugha yake nyingine ya mitindo iliyojengwa juu ya JavaScript, na CSS ikapachikwa juu ya hiyo, hata ikawa mtumiaji akizima JavaScript mitindo yote huzimika nayo. Kwa upande wa karatasi, Netscape 4 ilikuwa na tabia ya ajabu. Ilisoma waraka wa mitindo uliotiwa alama ya skrini, au usiotiwa alama yo yote. Uliotiwa alama nyingine, iwe ya karatasi au hata ya "vyombo vyote", iliutupa. Basi waraka wa uchapaji ulioandikwa kwa uangalifu haukufika kamwe kwa wasomaji wa kivinjari hicho. Mafundi waliigeuza ila hiyo kuwa faida: kanuni ambazo Netscape 4 ingezivuruga walizitia alama ya "vyombo vyote" ili isizione, wakaiachia kanuni chache nyepesi katika waraka wa kawaida. Wengine walitumia amri ya kuleta waraka kutoka nje, ambayo pia kivinjari hicho hakikuijua. Ni ujanja wa mtu anayezungumza na mgeni mbele yake kwa lugha ya kwao, ili mgeni asishtuke.

Internet Explorer ilikuwa na maradhi mengine. Matoleo ya 5 na 6, la mwisho likiwa la Agosti 2001, yalitawala kompyuta nyingi za maofisini kwa miaka mingi, na malalamiko makubwa ya watumiaji wake yalikuwa moja: upande wa kulia wa maandishi hukatwa. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, yaani inchi 8.27. Pambizo za kawaida za kivinjari hicho zilikuwa inchi 0.75 kila upande, kwa hiyo zilibaki inchi 6.77 za kuandikia. Kwa kipimo cha pikseli 96 kwa kila inchi, hizo ni pikseli 650. Lakini waandishi wengi wa wakati ule walikuwa wakipanga kurasa zao kwa upana maalum wa karibu pikseli 760, ili zienee katika skrini ya pikseli 800. Pikseli 110 zilizozidi, karibu milimita 29 za karatasi, hazikuwa na pa kwenda. Zilipotea, na pamoja nazo neno moja au mawili ya mwisho wa kila mstari. Mmarekani mwenye karatasi ya inchi 8 na nusu alipata nafuu ndogo ya pikseli 672, nayo haikutosha.

Dawa yake katika waraka wa karatasi ilikuwa mistari miwili au mitatu: upana maalum uondolewe, maandishi yaachwe yajaze nafasi iliyopo, na safu za pembeni zifichwe. Waliopanga kurasa zao kwa CSS waliweza kufanya hivyo katika dakika chache. Waliozipanga kwa majedwali yaliyoingiana hawakuweza kwa urahisi, kwa sababu upana ulikuwa umeandikwa ndani ya maandishi yenyewe, si katika waraka uliotengwa. Hapo ndipo tofauti kati ya kazi ya kitu na sura ya kitu, ambayo wengi waliiona kuwa nadharia ya wanachuo, ilipoonekana kwa wino.

Ila mbaya kuliko zote ilitokea katika kivinjari kilichosifiwa kwa kuzifuata kanuni. Mtambo wa Gecko, uliotumika katika Mozilla na baadaye katika Firefox 1.0 ya tarehe 9 Novemba, 2004, ulikuwa na udhaifu katika kuvikata vipande vya maandishi kati ya karatasi na karatasi. Sehemu iliyopangwa kwa njia ya kuelea, yaani iliyosukumwa upande mmoja ili nyingine ikae kando yake, iliweza kuishia pale karatasi ya kwanza ilipoishia. Yaliyobaki hayakuhamia karatasi ya pili, yalitoweka. Hali kadhalika iliweza kuyapata maandishi yaliyofungwa katika kisanduku chenye kuficha ziada, na yaliyowekwa mahali maalum nje ya mfuatano wa kawaida. Na kwa kuwa kuelea ndiyo njia iliyotumika zaidi kupanga safu baada ya majedwali kuachwa, wale waliotii mafundisho mapya ndio walioumia. Mistari iliyokatwa upande wa kulia hujitangaza yenyewe, kwani sentensi hazisomeki. Makala iliyoishia ukurasa wa kwanza, hasa ikiwa imeishia mwisho wa aya, yaweza kusomwa, kuwekwa katika jalada na kutajwa katika kazi nyingine, pasipo mtu kujua kwamba hoja ya mwandishi ilikuwa haijaanza.

Tiba ya ugonjwa huo ilijulikana mapema. Mwezi wa Mei 2002 Eric Meyer, Mmarekani aliyeandika vitabu kadhaa juu ya CSS, alitoa katika jarida la A List Apart makala iliyokuja kuwa msingi wa wengi katika kazi hii. Alionyesha jinsi jarida hilo lenyewe lilivyotayarishiwa waraka wa karatasi: viungo vya kuzungukia vifichwe, mandhari iwe nyeupe na herufi nyeusi, ukubwa wa herufi utajwe kwa pointi kama wafanyavyo wapigachapa, pambizo zitunzwe, na kuelea kwa safu kuu kufutwe ili Gecko isimeze maandishi. Kufutwa huko kulikuwa neno moja tu. Lakini neno hilo halikuwa na maana ye yote kwa mtu asiyejua ila iliyolizaa. Akilikuta katika waraka wa zamani huliona kama pambo, akalifuta, na ugonjwa ukarudi. Nyaraka za mitindo za miaka ile zimejaa maneno ya namna hii, kama vile kamusi zinavyobeba maneno ambayo mila iliyoyazaa imekwisha kufa.

Jambo la rangi lataka maelezo kidogo. Vivinjari karibu vyote, ili kuokoa wino, havikuchapa rangi za mandhari isipokuwa mtumiaji ameagiza. Ukurasa wenye herufi nyeupe juu ya mandhari nyeusi ulitoka, basi, herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ama, pale kivinjari kilipojaribu kusaidia, herufi za kijivu. Hapa mwandishi hakuwa na uwezo wa kumlazimisha msomaji. Uamuzi wa wino ulikuwa wa mwenye mashine. Ni moja ya mahali pachache ambapo lile swali la mwaka 1994 lilijibiwa wazi kwa upande wa msomaji, na ni vigumu kuona kwa nini lingejibiwa vingine.

Viungo vilileta taabu ya aina nyingine. Neno lililopigiwa mstari chini laeleweka kwenye skrini, lakini kwenye karatasi ni ahadi tupu, maana anwani yake haionekani. CSS ya mwaka 1998 ilikuwa na kanuni ya kuzalisha maandishi: baada ya kila kiungo, iandikwe anwani yake ndani ya mabano. Meyer aliitumia, na Gecko iliitii. Internet Explorer haikuifahamu mpaka toleo la 8, la Machi 2009. Kwa vivinjari hivyo vya zamani ilibidi kutumia JavaScript, na mwaka 2005 Aaron Gustafson alionyesha katika jarida hilo hilo namna ya kukusanya anwani zote na kuzichapa mwisho wa makala kama tanbihi zenye nambari. Kwa mwanachuoni njia ya Gustafson ilikuwa bora hata pale ya kwanza ilipowezekana, kwani anwani ndefu katikati ya sentensi huvunja mwendo wa usomaji.

Si wote waliokwenda njia hii. Magazeti na idara nyingi zilipendelea kuandaa nakala ya pili ya kila makala, iliyowekwa kiungo cha kusema kwamba hii ndiyo ya kuchapa. Njia hiyo ilifanya kazi katika kila kivinjari, hata Netscape 4, nayo haikumtaka mtu ajue ila za Gecko. Gharama yake ilikuwa ya namna nyingine: makala moja ikawa na anwani mbili, na sahihisho lililotiwa katika moja lisifike katika ya pili kama mtambo wa kuzitoa haukupangwa vema. Tena msomaji asiyekiona kiungo kile alichapa ukurasa wa kawaida pamoja na matangazo yake. Watetezi wa nyaraka za mitindo walikuwa na haki katika kanuni. Watu wa nakala ya pili, mpaka karibu mwaka 2006, walikuwa na haki katika matokeo.

Mwaka huo, tarehe 18 Oktoba, ilitoka Internet Explorer 7, nayo ilipunguza ukubwa wa ukurasa kwa kawaida yake mpaka utoshe karatasi. Ukataji wa upande wa kulia ukapungua sana. Lakini ukurasa mpana mno sasa ulichapwa kwa herufi ndogo mno, na mwandishi aliyekuwa amepanga pointi 12 hakuwa na hakika tena ya kuzipata kwenye karatasi. Kuzuia jedwali au picha isikatwe katikati, jambo ambalo Opera ililiweza mapema, kuliingia katika Internet Explorer 8 pamoja na wajane na yatima. Firefox ililikubali katika toleo la 19 tu, mwaka 2013, miaka 15 baada ya kuandikwa katika sheria.

Ucheleweshaji huo haukutokana na upungufu wa lugha. Mwaka 2003 ilitolewa huko Melbourne, Australia, programu ya Prince, isiyokuwa kivinjari bali mtambo wa kugeuza maandishi yenye CSS kuwa kurasa za kuchapwa, na mwaka 2005 Lie na Bos walitoa toleo la tatu la kitabu chao juu ya CSS likiwa limepangwa lote kwa njia hiyo, kuanzia pambizo hata faharasa. Kanuni zilitosha kupanga kitabu kizima. Vivinjari havikuharakisha kwa sababu walioviunda walishindana kwa mwendo na kwa mambo yaonekanayo kwenye skrini, na hakuna aliyekichagua kivinjari kwa ubora wa karatasi zake. Hata baadhi ya yaliyoandikwa mwaka 1998, kama vile kanuni ya kutaja ukubwa wa karatasi, yaliondolewa katika toleo la 2.1, lililokamilishwa tarehe 7 Juni, 2011, yakarudishwa katika sehemu nyingine ya sheria.

Internet Explorer 11, toleo la mwisho la kivinjari hicho, iliondolewa katika huduma tarehe 15 Juni, 2022, kwa matoleo mengi ya Windows 10. Wakati huo sheria mpya ya CSS ilikuwa imekwisha kuzipa amri za kukata kurasa majina mengine, mafupi, yanayofaa pia kwa safu na si kwa karatasi peke yake. Majina ya zamani hayakufutwa. Vivinjari viliamrishwa viyasome kama visawe vya mapya, na waraka wa uchapaji ulioandikwa kwa ajili ya Internet Explorer 4 mwaka 1997, ukiagiza kila sura ianze katika karatasi yake, bado unatiiwa.